Prosesa ya 5800X3D inagonga nyuzi 90 hapa Moshi na gemu inaganda: ninunue AIO ya 360 au nihamie AM5?

Kijana wa Pasua (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Mashine ni hii: Ryzen 7 5800X3D, imekaa pale palipokuwa na Ryzen 5 3600. Mazabodi MSI B450 Tomahawk MAX, BIOS (programu ya kuwashia bodi) ni ile yenye AGESA (sehemu yake inayotoka AMD) 1.2.0.6c. Ram DDR4 3200, vipande viwili vya GB 8. Kadi ni RTX 3070, pawa saplai wati 650, skrini ya 1440p ya Hz 165, Windows 11. Kipoza ni kilekile cha 3600: mnara mmoja, mirija minne ya shaba, feni moja ya mm 120. Kasha lina feni tatu mbele, nyuma ya kioo kizima, na moja ya kutolea hewa nyuma.

Shida ziko mbili. Ya kwanza ni joto. Chumba kikiwa na nyuzi 31, gemu inacheza kwenye 84 hadi 87. Nikiwasha Cinebench R23, programu ya kupima prosesa, inagonga 90 ndani ya sekunde kumi na kasi inashuka kutoka 4,450 MHz hadi 4,200 na kitu. Ya pili, mara mbili tatu kwa siku kila kitu kinaganda kama sekunde moja, sauti inakwaruza, halafu kinaendelea kama hakuna kilichotokea. Hata video ya kawaida inafanya hivyo.

Fundi mmoja mjini anasema dawa ni AIO ya 360, yaani kipoza cha maji chenye rejeta ya mm 360. Mwingine anasema niuze vyote nihamie AM5, soketi mpya ya prosesa za AMD (yangu ni AM4). Nina uwezo wa kununua kimoja. Nianze na kipi?

Mzee wa Pesti (Arusha, Kijenge)

Mangi, usinunue chochote kwanza. Umefunga shida mbili kwenye gunia moja na kila fundi anakuuzia gunia zima.

Kuganda kwako hakutokani na joto. Prosesa ikizidiwa na joto haigandi sekunde moja kisha ikapona. Inashusha kasi kidogokidogo, MHz 25 hapa, 50 pale, na wewe unaona fremu zimepungua tu. Umesema inatokea hata kwenye video na sauti inakwaruza. Hiyo ni dalili ya fTPM. Ile TPM (kitunza funguo za usalama) iliyo ndani ya prosesa huhifadhi kumbukumbu zake kwenye chipu ya BIOS, na inapokwenda kusoma au kuandika huko mfumo mzima unasimama kuisubiri. AMD walikiri tatizo hilo Machi 2022 na dawa ikaja na AGESA 1.2.0.7. Wewe uko kwenye 1.2.0.6c, yaani BIOS inayoitambua X3D lakini bado haina dawa hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni BIOS, na ni ya bure.

Kabla hujagusa, nenda kwenye Windows uangalie kama BitLocker (kifungio cha diski) imewashwa. Kama imewashwa, nakili ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi au simu. BIOS mpya inaweza kuifuta fTPM, na Windows ikiamka itakudai ufunguo. Usipokuwa nao, data zako zimebaki ndani.

Pakua BIOS ya mwisho kabisa ya bodi yako kwenye tovuti ya MSI, na uangalie jina kwa makini. Tomahawk na Tomahawk MAX ni bodi mbili tofauti zenye faili tofauti. Weka faili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, washa mashine, ingia BIOS, fungua M-Flash, chagua faili. Inachukua dakika chache na itajizima na kuwaka yenyewe. Umeme ukikatika katikati ndipo watu hulia, kwa hiyo chomeka kwenye UPS hata kama ni ndogo. UPS ya VA 650 haiwezi kubeba gemu kwenye mashine hiyo, ila kwa kukaa ndani ya BIOS inatosha na kubaki. Ikitokea imekufa, bodi yako ina kitufe cha Flash BIOS nyuma: badilisha jina la faili liwe MSI.ROM, chomeka flashi kwenye tundu lake lililowekewa alama, kisha bonyeza kitufe. Unahitaji waya za pawa saplai tu, ile ya pini 24 na ile ya pini 8.

Baada ya hapo BIOS imesahau kila kitu. Ram yako itakuwa imerudi 2133 au 2400 bila kukuambia. Washa A-XMP, hakikisha inasoma 3200, na panga upya kasi za feni. Kama vipande vya ram haviko kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, vihamishe.

Joto tutaliongelea ukimaliza hilo.

Chalii wa Sakina (Arusha)

Mzee heshima yako, ila mimi siafiki kumwambia asinunue. Nyuzi 87 kwenye gemu ni nyingi. AIO ya 360 inafuta hilo tatizo siku moja, na kesho akihamia AM5 anaondoka nayo. Kuhangaika na mnara wa mirija minne ni kupoteza muda tu.

Dada Wati (Moshi, Shanty Town)

Chalii, hebu tuangalie wati kabla ya kuangalia ukubwa wa rejeta.

5800X3D kwenye gemu inakula wati 60 hadi 75 hivi. Kwenye Cinebench inapita 100 kidogo. Mnara wa kawaida unaweza kabisa kuondoa wati 70. Kinachoifanya ichemke ni njia ambayo joto linapita kabla halijakifikia kipoza. Kori zote nane ziko kwenye kipande cha silikoni chenye eneo la kama mm za mraba 81, yaani mm 9 kwa 9, ukucha wa kidole gumba ni mkubwa kuliko hapo. Juu yake AMD wamebandika MB 64 za kache (kumbukumbu ya haraka ya prosesa) zaidi ya zile 32 za kawaida, na juu ya kori zenyewe wameweka silikoni tupu ili uso uwe sawa. Joto la kori linapanda kupitia tabaka hilo la ziada, kisha bati la juu la prosesa, kisha pesti ya kupitishia joto, ndipo linakuta shaba ya kipoza. Rejeta iwe ya 120, 240 au 360, hizo hatua za mwanzo hazibadiliki. Ndiyo maana unaweza kugusa mirija ya kipoza ikawa vuguvugu tu wakati HWiNFO, programu ya kusoma joto, inasoma 85.

Rejeta kubwa ina kazi pale wati zinapokuwa nyingi kweli, mathalani prosesa ya Intel inayoruhusiwa 253. Hapa utalipa hela nyingi kwa nyuzi chache, na unaongeza pampu, kitu kimoja zaidi cha kufa.

Na kikomo cha chipu hii ni 90. AMD ndio wameiweka hapo. 84 kwenye gemu si ugonjwa. Ila 90 ndani ya sekunde kumi inanipa shaka na ufungaji au hewa ya kasha. Kijana, fanya vipimo viwili bila kununua kitu:

Fungua ubao wa pembeni wa kasha, cheza gemu ileile dakika 20, linganisha. Joto likishuka nyuzi moja au mbili, kasha halina kosa. Likishuka tano au zaidi, kasha linakosa pumzi, na kioo chako cha mbele ndicho mshukiwa wangu wa kwanza.

Cha pili, chukua tochi ya simu uangalie feni ya mnara. Upande wenye fremu ya plastiki inayoshikilia mota ndiko hewa inakotokea. Hewa iingie kutoka mbele, kwenye ram, itokee kuelekea feni ya nyuma. Nimetaja kwa sababu feni iliyogeuzwa haipigi kelele wala haitoi onyo lolote.

Mzee wa Pesti

Dada kasema yote. Naongeza la mwinuko, kwa kuwa watu huku kwetu wanasoma vipimo vya Ulaya na kushangaa kwa nini hawavifikii.

Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Moshi mita 800 na kitu. Hewa kwa mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar, kwa takriban asilimia 13 Arusha na 8 Moshi. Feni inasukuma ujazo uleule kwa mzunguko, lakini hewa yenyewe ina uzito mdogo, inabeba joto dogo zaidi. Kama mapezi ya kipoza yangekuwa nyuzi 25 juu ya joto la chumba kule pwani, hapa Arusha tarajia 27 au 28. Na AIO haikwepi hilo, maana rejeta nayo inapozwa na hewa hiihii.

Sisi wa Arusha tunafidiwa na baridi. Julai chumba kiko 18, nyie Moshi Februari chumba cha bati lisilo na dari kinafika 33. Nyuzi moja ya chumba ni nyuzi moja ya prosesa, hakuna punguzo. Mtu akikuonyesha picha ya 5800X3D iko 70, muulize chumba chake kilikuwa ngapi kwanza.

Kijana wa Pasua

Asanteni sana. Nimerudi na majibu.

BIOS nimeweka ya mwisho. Ilipowaka ilileta ujumbe kuhusu fTPM mpya na kuniuliza Y au N, nikabonyeza Y baada ya kuhakikisha BitLocker haijawashwa. Ram kweli ilikuwa imerudi 2133. Leo siku ya tatu, haijaganda hata mara moja.

Ubao wa pembeni ukifunguliwa, gemu inashuka kutoka 86 hadi 80. Nyuma ya kioo cha mbele kuna kichujio, na kimevaa vumbi kama blanketi. Feni ya mnara iko sawa.

Nataka kutoa kipoza niangalie pesti, lakini kimeng'ang'ania. Nikivuta juu bodi nzima inataka kunyanyuka. Nivute kwa nguvu?

Dada Wati

USIVUTE. Simama hapohapo.

AM4 haina kifuniko cha kushikilia prosesa, kuna kile kimkono kidogo tu kinachobana pini. Pesti ikikauka inakuwa gundi. Ukivuta wima prosesa inang'oka kwenye soketi ikiwa imening'inia chini ya kipoza, kimkono kikiwa bado kimefungwa, na pini 1,331 zinatoka kwa kukwaruzana. Hapo ndipo pini hupinda.

Rudisha skrubu, washa mashine, endesha gemu au Cinebench dakika kumi mpaka pesti ilainike. Zima, chomoa waya wa umeme, na ufanye kazi palepale kabla haijapoa. Legeza skrubu kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka zitoke. Kisha usinyanyue. Shika mnara chini karibu na shaba, uuzungushe kushoto na kulia taratibu, mm chache tu, kama unavyozungusha kifuniko cha chupa kilichogoma. Utahisi ghafla umelegea. Ndipo unanyanyua.

Ikitokea imeng'oka na prosesa, usiitenganishe kwa bisibisi. Pasha shaba kwa draya ya nywele, isukume pembeni iteleze. Pini iliyolala inanyanyuliwa kwa ncha tupu ya penseli ya chuma ya 0.7, ile ya kubonyeza, ukiwa umetoa risasi yake. Pini inaingia kwenye tundu la ncha, unaisimamisha kidogo, unaacha, unalinganisha na mstari wa jirani. Wanaoinyoosha yote kwa mkupuo mmoja ndio wanaoivunja.

Kikitoka, kabla ya kufuta piga picha nyuso zote mbili, weka hapa. Alama ya pesti inasema mengi kuliko programu yoyote.

Kijana wa Pasua

Kimetoka salama, prosesa imebaki kwenye soketi. Picha hizo hapo. Upande wa juu karibu na tundu za nyuma za bodi pesti imebanwa hadi bati linaonekana. Upande wa chini, wa kadi, imekaa nene, ya kijivu, imekauka na kupasukapasuka kama ukoko wa ugali.

Dada Wati

Ndilo hilo. Kipoza kilikuwa kimelala upande mmoja. Skrubu ya juu ilikazwa mpaka mwisho kabla ya ile ya chini kushika, basi shaba ikaegemea. Na kwa bahati mbaya kwenye 5800X3D kipande chenye kori hakiko katikati ya bati, kimesogea upande wa chini, ulikobaki unene. 3600 ilikuvumilia kwa sababu haiwezi kuvuka wati 88 na haina tabaka la kache juu.

Safisha hivi. Toa iliyo nene kwa karatasi laini, kisha alkoholi ya isopropili yenye asilimia 90 na kuendelea. Ya duka la dawa ya 70 inafaa pia, ila iache ikauke vizuri. Spiriti ya bluu ya kuwashia jiko achana nayo, inaacha rangi na mabaki. Futa mpaka karatasi itoke nyeupe.

Pesti: MX-4, MX-6, NT-H1, yoyote halisi. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti ya skrubu kukazwa vibaya. Weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati, na matone manne madogo kama vichwa vya kiberiti kwenye pembe. Usisambaze kwa kidole. Ukiona mtu anakuuzia pesti nyeupe ya sindano isiyo na jina, hiyo ni ya transista. Itafanya kazi mwezi mmoja.

Pesti ya chuma cha majimaji usiiguse kabisa. Ina gali, inakula alumini na inapitisha umeme. Tone moja likidondokea pini za AM4 umemaliza kazi.

Sasa kukaza. Shusha kipoza wima, kisukume kidogo sana kushoto na kulia kikae. Shikiza skrubu zote mbili kwa vidole, mzunguko mmoja au miwili tu. Kisha nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, mpaka zigote zenyewe. Skrubu za springi zina mwisho wake, ukifika hapo acha, usitafute nguvu ya gereji.

Mzee wa Pesti

Na vumbi. Vumbi letu la volkano ni laini kama unga, halikai kwenye kichujio tu, linajaza mapezi ya mnara upande wa feni mpaka yanageuka ukuta. Peleka mashine nje, brashi laini na kipulizio. Usiende kwenye kompresa ya kujazia matairi. Ile inatema maji na mafuta, na nguvu yake inapinda mapezi. Unapopuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa kasi inakuwa jenereta na inarudisha umeme kwenye bodi, mbali ya kuua beringi. Kipindi cha kiangazi kichujio kioshwe kila wiki mbili. Msimu wa mvua mwezi unatosha.

Kioo cha mbele kisogeze au kiondoe. Hata mwanya wa mm 10 pembeni unaleta tofauti.

Mwisho, punguza volti. X3D hiyo imefungwa, huwezi kuipandisha kasi kwa kuzidisha namba, ila kupunguza volti inawezekana. Kwenye baadhi ya bodi za MSI BIOS ina kitu kinaitwa Kombo Strike, hatua ya 3 ndiyo kali kuliko zote. Kama kwako hakipo, tumia PBO2 Tuner ndani ya Windows: kila kori mpe -15 kwanza, kisha -20, -25, -30. Chipu nyingi za aina hii zinafika -30, ila si zote. Pima kwa CoreCycler, inayobana kori moja baada ya nyingine, iache usiku kucha. Cinebench peke yake haitoshi, kwa kuwa kori dhaifu hujificha wenzake wote wanapofanya kazi. Mashine ikijizima na kuwaka, fungua Event Viewer utafute WHEA-Logger namba 18. Itakutajia kori iliyoshindwa. Ipe hiyo peke yake -20, zingine ziache.

Chalii wa Sakina

Nimekubali yaishe, nyie mmenizidi. Sasa na mimi nisaidieni. Kuna jamaa Arusha anauza prosesa ya Intel i9-14900K iliyotumika, bei imelegea sana. Bodi ya Z690 ya DDR5 ninayo, ina prosesa ya 12600K. AIO ya 360 ninayo tayari. Nichukue?

Mzee wa Pesti

Soketi itaingia, LGA1700 inabeba kizazi cha 12, 13 na 14, ukisasisha BIOS kwanza ukiwa bado na 12600K ndani. Lakini bei ikilegea kwenye chipu hiyo uliza kwa nini.

Prosesa za kizazi cha 13 na 14 zenye nguvu zilikuwa na kasoro ambayo Intel wenyewe waliitangaza mwaka 2024: zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi, na baada ya muda silikoni inachakaa kiasi kwamba haiwezi tena kukimbia kasi yake kwa volti yake. Walitoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa), 0x129 Agosti 2024, kisha 0x12B Septemba, na 0x12F Mei 2025. Marekebisho yanazuia uharibifu. Hayatibu chipu iliyokwisha kuharibika. Na wewe hujui huyo jamaa aliendesha miezi mingapi kwenye BIOS ya zamani bila kikomo cha wati.

Ukitaka kuinunua, ipime mbele yake. Gemu za Unreal Engine 5 zinapotengeneza sheda (vijiprogramu vya kuchora picha) mwanzoni ndipo inapoanguka, na ujumbe wake unapotosha: inasema kadi imeishiwa kumbukumbu, "Out of video memory", wakati kadi ina nafasi tele. Unaweza pia kufungua mafaili makubwa ya 7-Zip mfululizo. Yakileta hitilafu ya CRC (ukaguzi wa usahihi wa faili) na kesho hayaleti, ondoka. Uliza pia kama ilinunuliwa ikiwa ndani ya boksi. Zile za boksi Intel waliziongezea dhamana miaka miwili, kutoka mitatu hadi mitano. Iliyouzwa bila boksi, dhamana yake inamtegemea aliyeiuza.

Ukishaiweka, chagua Intel Default Settings kwenye BIOS: PL1 na PL2 (vikomo vya wati) zisizidi wati 253, ICCMAX (kikomo cha ampea) 307. Wati 253 kwenye chumba cha Sakina itagonga 100 hata na hiyo 360 yako ukibana kori zote, na 100 ndicho kikomo chake. Kwa gemu tu shusha PL1 na PL2 hadi 180. Gemu chache zinafika huko, utapoteza fremu ambazo jicho halizioni, na joto litashuka sana.

Kwenye LGA1700 kuna kingine: kile chuma cha soketi kinabana prosesa katikati tu ya pande zake ndefu, bati linapinda kidogo na shaba haigusi vizuri. Fremu ya kubadilishia, kama ya Thermalright, ni ya bei ndogo na inasaidia. Kaza skrubu zake kwa bisibisi ndogo mpaka ziguse, halafu robo mzunguko tu kila moja kwa mkupuo. Ukizidisha, ram ya upande mmoja haitaonekana.

Chalii wa Sakina

Basi nitamwambia tupime kwanza. Na hii AIO, ina miaka minne, inagugumia kama chai inachemka. Naweza kuifungua niongeze maji?

Dada Wati

Iangalie ilivyokaa kwanza. Kugugumia ni hewa imefika kwenye pampu. Hewa hukimbilia sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, kwa hiyo pampu isiwe juu kuliko kila kitu. Rejeta ikiwa juu ya kasha ni vizuri zaidi. Ikiwa mbele, isimame mipira ikiwa chini na ukingo wake wa juu upite usawa wa pampu. Nyingi zinanyamaza kwa kugeuzwa tu.

Kuongeza maji, nyingi hazina tundu la kujazia, na zikiwa nalo maji yenyewe si maji matupu. Rejeta ni alumini, bamba la chini ni shaba, na metali hizo mbili ndani ya maji hulana zisipokuwa na dawa ya kuzuia kutu. Ukiongeza maji unaizimua dawa. Maji ya bomba ya Arusha, yenye madini na floraidi kama tunavyoyajua kwenye meno, yatakuachia magamba kwenye vijia vyembamba vya bamba. Ya chupa ya kunywa nayo yana madini. Maji ya betri ndiyo yaliyochujwa madini, ila soma kibandiko: kuna maduka yanaita asidi ya betri kwa jina hilohilo.

Miaka minne na inagugumia, mimi ningeistaafisha kabla ya kuiweka juu ya chipu ya wati 253.

Kijana wa Pasua

Matokeo. Pesti mpya, skrubu zimekazwa kwa zamu, kichujio kimeoshwa, kioo cha mbele nimekisogeza mm 12 kwa vipande vya mpira. PBO2 Tuner kori zote -30 isipokuwa kori 3 iliyoshindwa, nimeiacha -22. Chumba 30. Cinebench inasimama 81 na 4,450 MHz haishuki. Gemu ileile 71 hadi 74.

Kwa hiyo AM5 niisahau?

Mzee wa Pesti

Shusha ubora wa picha hadi mwisho na uweke 1080p, ucheze sehemu ileile. Fremu zikiruka juu, kilichokuwa kinakubana ni 3070, na hata prosesa ya AM5 kama 9800X3D haitaongeza kitu kwenye 1440p yako. Zisipopanda, hapo ndipo prosesa ni kikwazo. Kwa kadi hiyo nina uhakika wa jibu karibu wote. AM5 ni bodi mpya, ram mpya ya DDR5 na prosesa mpya kwa pamoja. Hela hiyo iweke kwenye kadi.

Na kama baadaye utataka kimya zaidi, tafuta kipoza cha minara miwili mfano wa Peerless Assassin 120 SE. Pima kasha kwanza, kipoza hicho kina urefu wa mm 155. Ukifungua vile vishikizo vya plastiki vya AM4, bamba la nyuma ya bodi linadondoka, lishike kwa mkono.

Dada Wati

Kijana, PBO2 Tuner inasahau kila ukizima, na mara nyingi hata mashine ikiamka kutoka kwenye usingizi. Iweke kwenye Task Scheduler ikiwa na vichochezi viwili, wakati wa kuingia na wakati wa kuamka, na uweke alama ya kuendesha kwa mamlaka ya juu, vinginevyo haifanyi kitu na haitakuambia.